Gemu za binti mfalme kwa mtoto mdogo: ipi ya kununua, ipi ya kufuta kwenye simu

Binti yangu yuko PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea, na tangu shule zifungwe Agosti amekuwa na ombi moja tu: gemu ya binti mfalme. Rafiki yake wa ghorofa ya tatu anayo kwenye simu ya mamake. Nikaanza kuwauliza wazazi wenzangu: Jumamosi saluni, hata kwenye chama chetu cha akina mama hapa Donholm. Majibu yalipishana kama matatu za Jogoo Road. Mmoja aliniambia gemu hizo humfundisha msichana kujipodoa kabla hajajua kusoma. Mwingine akaapa kwamba mwanawe alijulia rangi humo humo. Kisha baba mmoja mwenye wasichana watatu akasema neno lililonikaa: "Mama, usiulize kama gauni ni la waridi. Uliza huyo binti mfalme anafanya kazi gani."

Nimekaa na neno hilo likizo nzima. Niliazima Switch ya kaka yangu, mashine ya gemu ya Nintendo, nikashusha PS2 (PlayStation 2) yetu ya zamani kutoka juu ya kabati, nikapakua gemu sita za bure kwenye simu, nikawaketisha watoto wangu wawili, huyu wa miaka mitano na kakake wa miaka minane, nikawatazama. Ninayoandika ni ya mzazi mwenye mtoto wa miaka 4 hadi 8, mwenye nyumba isiyo na uwanja wa kuchezea, na pesa za kuhesabu.

Princess Peach: Showtime!

Gemu hii ya Nintendo ilitoka tarehe 22 Machi 2024 kwa ajili ya mashine ya Switch. Peach mwenyewe si mgeni. Alionekana mara ya kwanza mwaka wa 1985 katika Super Mario Bros., na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kutekwa nyara na kungoja kuokolewa. Humu hakuna wa kumwokoa. Amekwenda kutazama maigizo katika jumba la Sparkle, Madame Grape na genge lake wanalivamia, na Peach anafungiwa ndani. Msaidizi wake ni Stella, mlinzi wa jumba, anayejifunga nyweleni mwake kama utepe. Basi Peach anapanda jukwaani, igizo baada ya igizo, kuwatoa waigizaji matatani.

Ukimuuliza swali la yule baba, anafanya kazi gani, Peach ana majibu kumi. Ni mpiga upanga, mpelelezi, mwoka keki, mpiga kung fu, ninja, mchunga ng'ombe juu ya farasi, mtelezaji wa barafuni, nguva mwimbaji, mwizi mwerevu na shujaa wa kuruka angani. Jirani yangu hakulipenda hata kidogo hilo la mwizi, nami sikumlaumu. Lakini hebu fikiria mtoto wa miaka mitano anayeona ndani ya wiki moja kwamba gauni lile lile linaweza kuingia jikoni, likaingia vitani, likaingia kwenye uchunguzi. Binti yangu alikaa sana kwenye keki. Kukoroga unga kwa wakati wake na kupamba kama picha inavyoonyesha, hilo alilirudia mpaka akalipatia. Siku ya tatu aliniomba mayai.

Vitufe viwili vinatosha karibu kila kitu, kimoja cha kuruka na kingine cha kutenda. Mtoto akiwa bado mgeni kuna hirizi ya moyo ya kumwongezea uhai, kwa hiyo haangushwi kila baada ya dakika moja na kuja kulia kwako ukiwa unakaanga vitunguu. Kwa mkono mdogo usiozoea, sijaona gemu ya Switch ya aina hii iliyo laini kuishinda.

Tatizo la kwanza ni maneno. Mazungumzo mengi huandikwa, hayasemwi, na Kiswahili hakimo. Mtoto wa PP2 hasomi aya ya Kiingereza. Kwenye upanga na barafu hilo halimsumbui, kwa maana jicho linaelewa. Kwenye upelelezi anakwama, kwa sababu dalili ziko ndani ya maneno. Mimi niliketi naye, nikamsomea kwa Kiswahili kama ninavyomsomea hadithi ya kulala, na kusema kweli hizo ndizo saa nilizozifurahia zaidi likizo hii. Mzazi anayetaka gemu ya kumwachia mtoto ili apate kufua ajue mapema: baadhi ya hatua zitamwita.

Tatizo la pili ni kwamba huchezwa na mtu mmoja. Nyumba yenye watoto wawili itasikia kelele. Mwanangu aliikataa mwanzoni, "hiyo ni ya wasichana," kisha akaona kung fu na kidhibiti hakikutoka tena mikononi mwake mpaka nikaamua igizo moja kwa kila mtu. Yeye aliimaliza kwa majuma mawili. Kwa wa miaka minane ni rahisi mno na ni fupi, saa kumi hivi, na wazazi wenye watoto wakubwa zaidi ndio wanaolalamika kwamba pesa zao zimeisha haraka. Wanasema kweli. Gemu hii ni ya mdogo wao.

Sasa pesa. Bei yake ya Marekani ilipotoka ilikuwa dola 59.99. Kwa shilingi 129 kwa dola, hiyo ni kama shilingi 7,700 kabla ya usafiri na faida ya muuzaji. Jirani alishika kichwa: "Hiyo ni gesi ya kilo kumi na tatu mara mbili na chenji inabaki." Na bado hujanunua mashine. Switch Lite, iliyo ndogo na isiyounganishwa na televisheni, ilianza kuuzwa mwaka wa 2019 kwa dola 199.99, yaani karibu shilingi 25,800 kwa hesabu hiyo hiyo. Kwa anayenunua iliyotumika pale Luthuli Avenue au Moi Avenue, iwashe mbele ya muuzaji, usiguse kitu, uangalie kama mhusika anasogea mwenyewe kwenye skrini. Vijiti vya vidhibiti vya Switch vinajulikana kwa ugonjwa huo.

Lakini kuna jambo ambalo watu hawalihesabu. Ukinunua kadi ya gemu, ile ndogo ya kuchomeka, ni mali yako. Mtoto akichoka unaiuza, unabadilishana na mzazi mwingine, au unamwazima binamu yake. Kadi ya Marekani, ya Ulaya au ya Japani huingia kwenye Switch bila kubagua nchi. Ile ya kupakua kutoka mtandaoni haiuziki tena. Sisi wa mitumba tunaelewa thamani ya kitu kinachoweza kupita mkono hadi mkono.

Kuna pia Super Princess Peach ya Nintendo DS, iliyotoka Japani mwaka wa 2005, ambamo Peach ndiye anayekwenda kumwokoa Mario. Humo nguvu zake ni hisia: akilia anazima moto, akikasirika anawaka. Wazazi wengine hawakupenda binti mfalme kupewa machozi kama silaha. Mimi niliitazama kwa muda mfupi tu, na binti yangu hakuvutiwa na skrini ndogo za DS, basi sitaisema zaidi.

Mama mkwe wangu, ambaye kwao ni Kilifi, alitukuta sebuleni siku ya upanga. Akakaa, akatazama, akaanza kumsimulia mjukuu wake habari za Mekatilili wa Menza, jinsi alivyowaita Wagiriama mwaka wa 1913 wakala kiapo cha kukataa amri za Waingereza, akakamatwa, akapelekwa mbali hadi Kisii, akatoroka, akarudi pwani kwa miguu. Binti yangu akauliza, "Nyanya, alikuwa binti mfalme?" Nyanya akamjibu, "La, mwanangu. Alikuwa mjane." Tangu siku hiyo Peach mwenye upanga hapa kwetu anaitwa Mekatilili.

Gemu za bure za simu

Hizi ndizo zilizoko kwenye nyumba nyingi, na hizi ndizo zilizonisumbua moyo. Nilipakua sita zenye neno la binti mfalme kwenye jina. Tano kati ya hizo zilianza namna moja: uso wenye chunusi, nywele zilizotimka, nyusi nene. Mtoto anaambiwa aoshe, akamue, ang'oe, apake, kisha achague gauni. Ikiisha, binti mfalme anapigiwa makofi na uso mwingine unaletwa. Hakuna hata mmoja aliyetoka mbele ya kioo.

Nilimwambia msusi wangu hivyo nikidhani atakubaliana nami. Alisimamisha chanuo. "Dada, mimi nalipa kodi ya nyumba na karo kwa kazi hiyo ya kioo. Usiseme si kazi." Akanieleza kwamba bintiye wa miaka sita hucheza gemu za saluni akimwiga yeye, anapanga foleni ya wateja, anawaambia bei. Nilinyamaza, kwa sababu amesema haki. Baadaye nikaona pale tunapotofautiana. Kwenye saluni yake mteja anaingia na shida yake, anaulizwa anataka nini, analipa, anaondoka anakokwenda. Kwenye zile gemu tano uso ndio shida, na hakuna safari baada ya kioo. Gemu ya saluni iliyotengenezwa vizuri ipo. Toca Boca wa Uswidi wametengeneza kadhaa za nywele, na katika Toca Boca World (zamani Toca Life World) mtoto anaweza kuchezea nywele anavyotaka bila kuambiwa kwamba uso fulani ni mbaya. Wao hawaweki matangazo ya kampuni nyingine, ingawa huuza nyumba na vitu vya ziada ndani ya gemu. Kama mwanao anapenda nywele, mpeleke huko.

Kwenye mojawapo ya zile sita, wasichana watatu wa kwanza walikuwa na nywele za dhahabu. Aliyekuwa na ngozi kama yetu alikuwa chini, amefungwa kwa kufuli. Ili afunguliwe, mtoto atazame tangazo. Binti yangu alilitazama. Lilikuwa tangazo la kamari, kwa sababu akaunti ya simu ni yangu, mtu mzima, na mashine haijui nani ameishika. Kitufe cha kulifunga kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele. Niliifuta gemu ile pale pale, na bado nikimkumbuka yule msichana nyuma ya kufuli nahisi uchungu.

Sasa niseme la pesa, maana "bure" ndiyo iliyonigharimu zaidi. Juni, kabla hata sijaanza utafiti huu, kadi yangu ya benki ilikuwa imeunganishwa na duka la programu la simu kwa ajili ya kulipia hifadhi ya picha. Nikiwa napika, ujumbe wa benki ukaingia. Kisha wa pili, kisha wa tatu. Shilingi 650, mara tatu, ndani ya dakika kumi na moja. Binti yangu alikuwa akibonyeza vito vinavyong'aa. Hakujua kama ni pesa; hata mimi nilipoonyeshwa ukurasa ule ilinibidi nitafute bei. Niliwaandikia watengenezaji, wakanirudishia malipo mamoja kati ya matatu.

Si mimi peke yangu. Huko Marekani, mwaka wa 2014 Apple ilikubali kuwarudishia wateja angalau dola milioni 32.5 kwa sababu ya ununuzi uliofanywa na watoto ndani ya programu bila idhini ya wazazi. Mwaka wa 2022 Epic Games, wenye Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 245 za kuwarudishia wachezaji walioingizwa kwenye ununuzi wasioukusudia. Kama kampuni za ukubwa huo zilifikishwa hapo, mtengenezaji mdogo wa gemu ya kupaka kucha hana anayemfuata. Hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kushughulikiwa, kifungu cha 33. Lakini idhini kwenye simu ni kitufe cha "kubali", na aliyekibonyeza ana miaka mitano.

Kama lazima uitumie simu, fanya haya kabla ya kumpa mtoto. Ondoa kadi na M-Pesa kwenye duka la programu, au weka sharti la neno la siri kwa kila ununuzi, usiliache likumbuke. Fungua akaunti ya mtoto kwa Family Link, programu ya wazazi ya Google, ndipo simu ijue umri wake. Zima data na Wi-Fi. Gemu nyingi za aina hii huendelea kucheza bila intaneti, na matangazo mengi hukatika. Isipofunguka bila intaneti, hiyo pekee inakuambia iliwekwa pale kwa ajili ya nani.

Disney Princess: Enchanted Journey

Ni ya zamani, ya mwaka wa 2007, na nilidhani nitaipita kwa sentensi mbili. Ikanishangaza. Ilitengenezwa kwa PlayStation 2, Wii na kompyuta. Msichana asiyekumbuka alikotoka, ambaye mtoto wako ndiye anayechagua sura yake, anafika kwenye kasri na kuingia katika dunia za Ariel, Jasmine, Cinderella na Snow White ambako mambo yameharibika. Kuna viumbe wadogo wabaya, na silaha yake ni fimbo ya uchawi inayowageuza vipepeo. Damu haimwagiki, hakuna anayepigwa, ila kuna tatizo na msichana ndiye anayelitatua. Swali la yule baba hapa lina jibu fupi: anafanya kazi ya kurekebisha.

Picha zake zimechakaa, hilo halifichiki. Mwanangu alicheka. Mdogo wake hakuona kasoro yoyote. Kwake kipepeo ni kipepeo. Na juu ya yote, watu wawili huweza kucheza pamoja. Nilichukua padi ya pili mwenyewe. Mama mmoja wa hapa ploti yetu, mwenye mapacha, aliniambia hii ndiyo gemu pekee iliyomnyamazishia nyumba, kwa sababu hakuna wa kungoja zamu.

PS2 iliyotumika bado ipo kwenye nyumba nyingi za Nairobi, imefunikwa kitambaa chini ya televisheni. Ukitafuta diski, tazama imetoka wapi. Mashine yetu ni ya mfumo wa PAL, uliotumika hapa na Ulaya, na diski halali ya Marekani haisomeki humo. Jamaa akikutumia kutoka Uingereza ni sawa, akikutumia kutoka Atlanta utaishia kuitazama tu. Gemu yenyewe haitaki intaneti, haiuzi chochote ndani, na haikukumbushi kesho kwamba hujafika. Mtoto wa miaka 4 hadi 6 anaimudu. Wa miaka minane ataona ni ya watoto, na atakuwa amesema kweli.

Disney Dreamlight Valley

Hii inapendwa sana na mabinti wakubwa kidogo, na na mama zao. Ilianza kutolewa Septemba 2022 ikiwa bado haijakamilika, na toleo kamili likafika Desemba 2023. Mtoto anaishi bondeni pamoja na Moana, Elsa, Belle na wengine. Analima, anavua, anapika, anang'oa miiba ya giza, anawasaidia majirani. Kwa upande wa kazi imewashinda wote, ni shamba kabisa. Shemeji yangu, aliyekulia Murang'a, aliipenda siku ya kwanza.

Sikuipa nafasi kwa mtoto wa PP2. Kila kazi huelezwa kwa maandishi, tena marefu, na bila kuyasoma hutajua umetumwa nini. Kwa Grade 3 kwenda juu, anayesoma Kiingereza peke yake, ni mazoezi mazuri ya kusoma. Sikupenda mambo mawili mengine. Saa ya gemu hufuata saa ya ukutani, kwa hiyo kila siku kuna kitu kipya cha kwenda kukiangalia, na mtoto anaamka nacho kichwani. Pia, watengenezaji, Gameloft, walisema mwanzoni kwamba itakuwa ya bure, kisha mwaka wa 2023 wakatangaza itabaki ya kulipia. Toleo la kawaida lilikuwa dola 39.99, na bado ndani kuna duka la mapambo linalotumia mawe ya mwezi yanayoweza kununuliwa kwa pesa halisi. Ulipie mlangoni, kisha ukutane na duka sebuleni. Mwanangu wa miaka minane aliulizia duka hilo siku ya pili.

Zikiwekwa bega kwa bega

Kwa mtoto asiyesoma, Enchanted Journey inatangulia, Peach inafuata mradi kuna mtu wa kumsomea, na Dreamlight Valley inangoja miaka. Zile za simu hazihitaji kusoma hata kidogo, na ndiyo sababu zinawapata watoto mapema kuliko zote.

Kwa kumaliza bila machozi, Peach ndiyo bora. Imegawanywa katika maigizo. Pazia linashuka, unasema "hilo lilikuwa la mwisho," na mtoto mwenyewe anaona limeisha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2019, lilisema mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini akiwa ameketi, na ikiwa pungufu ni bora zaidi. Mimi nimebaki na saa hiyo moja hata kwa huyu wa miaka mitano, na kwa pazia inashikika. Kwenye bonde la Dreamlight hakuna pazia. Kwenye gemu za simu, kila mwisho ni mwanzo wa uso mwingine.

Stima ikipotea, na hapa kwetu hupotea, Switch inaendelea mkononi. Switch Lite hukaa na chaji kati ya saa 3 na 7 kulingana na gemu. PS2 inazimika na taa. Ukichelewa kununua tokeni, inazimika vile vile.

Kuhusu sura za watoto wetu, hakuna iliyoniridhisha. Peach ana nywele za dhahabu tangu azaliwe. Enchanted Journey ya 2007 ilitangulia Tiana, binti mfalme mweusi wa kwanza wa Disney, aliyefika mwaka wa 2009. Hapo ndipo Dreamlight Valley inapopata alama, kwa sababu Tiana yumo, na mchezaji hujichagulia ngozi na nywele zake mwenyewe. Binti yangu ameniuliza mara mbili kwa nini Peach hana rasta. Tumemchora mwenye rasta kwenye karatasi, akabandikwa kwenye friji.

Nyumba yako ni ipi?

Kama tayari kuna Switch nyumbani, na mtoto ni wa miaka 5 hadi 7, nunua Princess Peach: Showtime! kwa kadi, si kwa kupakua. Kabla ya kulipa, mpe jaribio la bure lililoko kwenye duka la Nintendo uone kama anavutiwa. Weka pia programu ya wazazi ya Nintendo kwenye simu yako ili upange muda.

Kama hakuna Switch, usiinunue kwa ajili ya gemu hii peke yake. Nasema hivyo nikiwa nimeipenda. Zaidi ya shilingi 33,000 ni pesa nyingi kwa saa kumi, na mtoto wa miaka mitano hatajua tofauti ya mwaka wa 2007 na wa 2024. Tafuta PS2 ya ndugu au kompyuta ya zamani, tafuta Enchanted Journey, chukua padi ya pili, keti.

Kama una wasichana wa umri wa kusoma, Dreamlight Valley, lakini usiunganishe kadi yoyote na uwaambie mapema kwamba duka la ndani halipo kwenu.

Na kama kuna simu peke yake, nyumba nyingi ndivyo zilivyo, chukua Toca Boca World na vitu vyake vya bure, zima data, na uangalie pamoja naye siku ya kwanza. Ukiona gemu imemletea uso wenye chunusi na kumwambia aukamue, ifute kabla hajaanza kuutafuta uso huo kwenye kioo chenu cha bafuni.

Kaka yangu amekuja jana kuchukua Switch yake. Binti yangu alimkabidhi mwenyewe, akamwomba asimfute Mekatilili.